Dakika Kumi na Moja

Mkunga alifika kituoni akiwa bado amevaa raba nyeupe za zamu, na kwapani amebana daftari nene lililochakaa pembe. Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima bila kunung'unika. Alipoitwa ndani aliliweka daftari lake juu ya meza ya Inspekta, akavuta kiti, akaketi.

"Mwanangu, nasikia mmemkamata mtu aliyekuwa anatuibia kwenye karata za mtandaoni."

"Tumemkamata, mama. Wiki ya nne hii."

"Basi mliyemkamata siye."

Inspekta alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi ile, na maneno hayo alishayasikia mara nyingi kutoka kwa mama, wake na dada za watuhumiwa. Hakuwahi kuyasikia kutoka kwa mtu aliyeibiwa. Alifunga faili alilokuwa analisoma.

"Nieleze."

Kesi yenyewe aliijua kama kiganja chake. Ilihusu kampuni moja iliyoendesha tovuti ya poka. Katika mchezo huo kila mtu hupewa karata mbili anazoziona peke yake, na nyingine tano hufunuliwa mezani mbele ya wote. Ukijiamini unaongeza dau, ukiogopa unatupa karata, ukiwa mjanja unatishia wenzako huku huna kitu. Yote hayo yana maana kwa sababu moja tu: hakuna anayejua mwenzake ameshika nini. Sasa palikuwa na akaunti moja, jina lake Kipofu, ambayo ilionekana kujua. Kwa miezi mitano Kipofu hakutishika na uongo wa mtu wala kunaswa na ukweli wa mtu. Wachezaji walilia mpaka kilio chao kikafika serikalini.

Ndani ya mitambo ya kampuni kulikuwa na chombo ambacho wafanyakazi walikiita Dirisha. Kilitengenezwa wakati tovuti inajaribiwa, ili mtaalamu aone karata za kila mtu na kuhakikisha zinagawiwa sawasawa. Aliyekitengeneza ni mtaalamu wa kompyuta ambaye kazini wote walimwita Fundi. Aliacha kazi miezi minane iliyopita. Lakini neno lake la siri ndilo lililokuwa likifungua Dirisha kila Kipofu alipoketi mezani. Mkurugenzi aliwakabidhi polisi ushahidi huo ukiwa umechapwa na kubanwa vizuri. Inspekta alikwenda mwenyewe kumkamata Fundi, asubuhi, mbele ya majirani.

"Mimi nacheza nikitoka zamu," mkunga alisema. "Wengine wanafuma, mimi nacheza karata. Kila mchezo naandika. Ni mazoea ya wodini, usipoandika ni kama hukufanya. Kipofu alinimaliza, nikaacha. Niliposikia kafungiwa, nikarudi. Siku kumi hazijapita, akaja mwingine anaitwa Mgeni." Alifungua daftari. "Jina jipya, mkono uleule."

"Umejuaje ni mkono uleule?"

"Nikiwa na kitu, anakimbia. Nikiwa sina kitu, ananing'ang'ania. Tazama hapa. Nilikuwa na saba mbili mkononi, na mezani zimefunuliwa saba nyingine mbili na mfalme. Saba nne, mwanangu! Hiyo utaipata mara moja ukiwa na bahati. Mgeni alikuwa anaongeza dau kwa fujo. Ilipotoka ile saba ya pili akatulia kama maji ya mtungini. Nikaongeza kidogo tu, akatupa karata."

"Pengine hakuwa na kitu."

"Pengine. Nyie mna nguvu ya kuitazama karata aliyotupa. Mimi sina."

Inspekta alitazama tarehe iliyoandikwa pembeni kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Siku hiyo Fundi alikuwa mahabusu, hana hata simu.

"Ulilalamika kwa kampuni?"

"Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nimeandika. Nikajibiwa Alhamisi: pole sana mteja wetu, tumechunguza, hakuna kasoro yoyote."

*

Ofisi za kampuni zilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Inspekta alipanda ngazi na Sajini wake, mzee wa miaka hamsini na tisa aliyekuwa akihesabu siku za kustaafu kwa sauti. Mkononi walikuwa na hati ya mahakama.

Mkurugenzi aliwapokea kwa uso wa mtu aliyetegemea wageni wengine. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na mezani pake hapakuwa na kitu isipokuwa simu mbili.

"Nilidhani tumeshamalizana, Inspekta. Mtu wenu mnaye."

"Kuna mambo madogo. Fundi alipoacha kazi, alikabidhi neno la siri la Dirisha kwa nani?"

"Nilishawaambia. Hakukabidhi. Aliondoka nalo kichwani."

"Yeye anasema aliacha bahasha."

"Angesema nini kingine?"

Kweli, Fundi angesema nini kingine. Maelezo yake yalikuwa ndani ya faili, ukurasa wa sita: *Niliacha bahasha iliyofungwa, na nakala ya barua ya makabidhiano iliyosainiwa.* Pembeni Inspekta aliandika kwa kalamu nyekundu, *haijathibitishwa*, kisha akafunua ukurasa wa saba.

"Naomba kumbukumbu za michezo yote ya Kipofu na ya Mgeni," alisema. "Na malalamiko yote ya wachezaji, na saa yalipoingia."

Mkurugenzi aliposikia jina la Mgeni alipepesa macho mara moja. Hakuuliza Mgeni ni nani. Sajini alikohoa.

"Malalamiko yako kwa Bwana Pole," Mkurugenzi alisema. "Chumba cha mwisho."

Bwana Pole alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Jina hilo alilipata kwa sababu kila barua aliyojibu ilianza na neno hilo. Chumba chake kilijaa mafaili yaliyopangwa kwa miezi, na ukutani kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli, la pekee katika ofisi nzima. Aliwapa viti, akawapa maji, akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Lalamiko likiingia, nani analiona kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Na Mkurugenzi?"

"Hapana. Neno la siri la sanduku lile ninalo peke yangu. Ndiyo kanuni, dada. Mteja anaweza kumlalamikia hata Mkurugenzi mwenyewe."

"Na usipokuwepo?"

"Yananisubiri." Alisema kwa fahari kidogo. "Mwezi wa nne nilikwenda kumuuguza mama, siku tisa. Niliporudi niliyakuta yote pale, hayajaguswa. Nikaanza kujibu moja baada ya jingine."

"Watu hawachoki kulalamika?"

"Hawachoki. Anayeshindwa hasemi nimecheza vibaya. Anasema kuna mtu ananiona." Alitabasamu kwa huzuni. "Ndiyo kazi yangu hiyo, kuwaambia hakuna mtu."

Wakati wa kushuka ngazi Sajini alisema, "Ni yule mwenye shati jeupe, afande. Umemwona alivyopepesa? Anamjua Mgeni kuliko sisi."

"Kumjua si kuwa yeye."

"Haya. Mimi nina siku mia na tatu tu, siwezi kubishana."

*

Siku mbili zilizofuata walikaa ndani na karatasi. Kwanza Sajini alifuata usajili wa Mgeni. Kitambulisho kilichotumika kilikuwa cha mtu aliyefariki miaka miwili nyuma, simu haikupatikana, na njia hiyo ikaishia ukutani. Inspekta yeye alichukua daftari la mkunga na kulilinganisha na kumbukumbu za kampuni, mchezo kwa mchezo.

Mkunga hakuwa amekosea hata mstari mmoja. Katika ule mchezo wa saba nne, Mgeni alikuwa ameshika wafalme wawili, na wa tatu alikuwa mezani. Kwa karata kama hizo mchezaji wa kawaida angeuza hata viatu vyake abaki mchezoni. Mgeni alizitupa. Kurasa tatu mbele, mkunga alikuwa na nne na sita zisizoungana na kitu, akaamua kutishia kwa dau kubwa. Mgeni alikuwa na nane na tisa, takataka vilevile, na akalifuata dau lile bila kusita. Takataka zake zilikuwa kubwa kuliko za mkunga kwa nukta chache. Akashinda.

"Hapa hakuna bahati," Inspekta alisema. "Huyu anaona."

"Kuona anaona. Lakini nani?"

Inspekta aliinama mezani. Alikuwa ameshika karatasi ya Jumanne. Mkunga alituma lalamiko saa nne na dakika kumi, huku bado ameketi mezani na Mgeni. Saa nne na dakika ishirini na moja Mgeni alisimama katikati ya mchezo, akaacha dau lake juu ya meza, akatoka. Tangu siku hiyo alicheza kila siku, lakini hakuketi tena meza moja na mkunga.

"Sajini, nisomee majina ya waliolalamika wakati wa Kipofu. Jina, tarehe, saa."

Walikuwa kumi na mmoja. Sajini alisoma taratibu, Inspekta akifuata kwa kidole kwenye kumbukumbu. Mwalimu mmoja alilalamika saa tatu asubuhi. Kabla ya saa tatu na nusu Kipofu alikuwa ameshamkwepa, asirudi. Muuza vipuri alilalamika saa nane mchana. Dakika ishirini baadaye, vilevile. Wa tatu, wa nne, wa tano, vilevile. Kipofu alikuwa anawakwepa waliolalamika kabla hata hawajajibiwa.

"Anasoma barua," Sajini alisema, na safari hii hakutania.

"Au anapewa habari na anayezisoma. Endelea. Mwezi wa nne."

Mwezi wa nne walilalamika watu wawili, dereva wa lori tarehe nne na mwanafunzi wa chuo tarehe saba. Inspekta alipitisha kidole chini ya ukurasa, akarudi juu, akapitisha tena. Kipofu hakuwakwepa. Aliendelea kuketi nao na kuwakamua, tarehe nne, tano, sita, saba, mpaka kumi na moja. Tarehe kumi na mbili, saa mbili na nusu asubuhi, akaacha kuketi na wote wawili kwa pamoja.

"Bwana Pole alikuwa likizo siku tisa," Inspekta alisema. "Angalia alirudi lini."

Sajini alivaa miwani. Akafunua kitabu cha mahudhurio walichokichukua kwa hati ileile.

"Tarehe kumi na mbili. Kasaini saa mbili na robo."

Kama Kipofu angekuwa mtu mwingine anayepewa habari na Bwana Pole, siku zile tisa angezikosa, na hilo lingelingana pia. Inspekta alilifikiria hilo, akamtuma Sajini kwa kampuni ya simu na hati nyingine. Jibu lilirudi kesho yake mchana. Katika siku zile tisa Kipofu aliingia mtandaoni kupitia mnara uliokuwa mita mia mbili kutoka hospitali alikolazwa mama yake Bwana Pole.

*

Walipoingia chumbani kwake alikuwa anaandika. Inspekta hakuketi. Aliweka mbele yake karatasi mbili, moja yenye saa za malalamiko na nyingine yenye saa za Kipofu na Mgeni kuondoka mezani. Kisha ya tatu, yenye mnara wa simu.

Bwana Pole alivaa miwani yake. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, taratibu, mpaka mstari wa mwisho. Alipomaliza alizipanga karatasi pembe kwa pembe.

"Ni mkunga, sivyo? Anaandika vizuri yule mama. Barua yake niliisoma mara mbili."

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Miaka mitatu, dada, kila siku naambiwa mimi ni mwizi. Wanasema kuna mtu anaona karata zetu, na nyinyi mnamjua! Hakukuwa na mtu. Nilikuwa najibu ukweli mtupu, na wananitukana mimi na mama yangu. Kisha bahasha ikaletwa iwekwe kwenye kabati langu, kwa sababu ndilo lenye kufuli. Nikasema ngoja nitazame tu wanachokisema. Nikatazama." Alivua miwani. "Ukishaona, huwezi kucheza kama huoni."

"Bahasha ililetwa na nani?"

Bwana Pole alifuta miwani kwa shati. Nje, mtu alikuwa anapakia magodoro kwenye gari na kuhesabu kwa sauti.

"Fundi yuko ndani siku ishirini na saba," Inspekta alisema. "Kwa bahasha hiyohiyo."

"Najua siku zake. Msidhani sijui." Akasimama, akafungua kufuli, akatoa faili la kijani. "Mkurugenzi alinigundua kabla yenu. Aliifunga akaunti ya Kipofu, akaniambia tusiitie aibu kampuni. Nikaapa sitarudia. Mlipokuja nyinyi akawapa jina la mtu aliyekwisha kuondoka. Akaagiza Dirisha lizibwe. Hakuna aliyeweza kuliziba. Anayejua kuliziba ni mmoja tu, na nyinyi mlikuwa mmemfungia."

Ndani ya faili kulikuwa na barua ya makabidhiano. Fundi alisaini chini, na kando ya jina lake, kwa wino wa bluu, alisaini aliyepokea.

Sajini alimfunga Bwana Pole pingu kwa upole, kana kwamba anamsaidia kuvaa saa. Inspekta alikwenda chumba cha kwanza peke yake, akaiweka barua kwenye meza ile tupu, katikati ya simu mbili.

Mkurugenzi aliitazama saini yake.

"Nina wafanyakazi arobaini hapa," alisema. "Ningesema ukweli, tovuti ingefungwa. Watu arobaini na familia zao. Fundi hana mtoto, ana elimu yake, nilijua kesi ingekufa yenyewe baada ya muda."

"Wachezaji je?"

"Tungewarudishia kidogo kidogo."

"Bila kuwaambia kwa nini?"

Inspekta alimwambia asimame.

*

Mkuu wa kituo aliisoma ripoti akiwa amesimama dirishani. Alipofika ukurasa wa mwisho alirudi kukaa.

"Hapa umeandika: mtuhumiwa alitaja barua ya makabidhiano siku ya kwanza, nami sikuitafuta."

"Ndiyo, mkuu."

"Ungeweza kuandika kwamba ushahidi mpya umepatikana. Ni kweli pia."

"Haukuwa mpya. Ulikuwa kabatini siku zote, na mimi niliketi mbele ya kabati hilo bila kuuliza."

"Hii itaingia kwenye faili lako. Mwakani unastahili kupandishwa cheo."

"Najua, mkuu."

Mkuu alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Akagonga muhuri.

Mwendesha mashtaka aliondoa kesi asubuhi ya Ijumaa, na mchana Inspekta alikuwa nje ya lango la mahabusu. Angeweza kumtuma Sajini. Fundi alitoka na mfuko wa plastiki wenye nguo zake, amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Alipomwona alisimama.

"Umekuja kunichukua tena?"

"Nimekuja kukuambia nilikosea. Ulinitajia barua, sikuitafuta. Aliyefanya tumempata, na aliyekutwika mzigo tumempata. Nimeandika hivyo, na jina langu lipo."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuonyesha hasira wala furaha.

"Umeniambia mimi," alisema. "Mimi nilikuwa najua."

"Niambie nimwambie nani."

Alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mwingine. "Kaka yangu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisomesha. Alikuwa anacheza kwenye tovuti ileile, kwa sababu aliona fahari kwamba mdogo wake ndiye aliyeitengeneza. Kipofu alimla akiba yote ya kufungua karakana." "Mliponikamata, aliamini mimi ndiye niliyekaa upande wa pili nikimtazama karata zake usiku na mchana. Hakuja hata siku moja. Nimempigia kwa simu ya askari mara nne, akisikia sauti yangu anakata."

Inspekta alitoa simu yake. "Nisomee namba."

Fundi aliisoma kwa kichwa. Simu iliita, ikapokewa.

"Habari za mchana, kaka. Mimi ni Inspekta wa polisi, niliyemkamata mdogo wako."

Ikakatwa.

Alipiga tena. Ikaita mpaka ikaisha. Fundi aliangalia pembeni, kwenye ukuta wa mahabusu, akasema kwa sauti ndogo, "Acha tu, afande." Inspekta alipiga mara ya tatu, na safari hii alipopokewa hakusalimu.

"Hakukuibia. Usikate. Mdogo wako hakukuibia, kaka. Mwizi ni mtu mwingine, tumemkamata na amekiri. Nilimfunga asiye na kosa kwa uzembe wangu mimi, si wake. Yeye aliacha kazi na funguo akakabidhi, na barua ninayo hapa. Ukitaka nitakuja kwako niseme haya mbele ya watu wote walioniona nikimchukua."

Upande wa pili ilisikika sauti ya nyundo kwa mbali, mtu akigonga chuma, kisha ikanyamaza kama aliyeambiwa asimamishe kazi.

"Yuko wapi?" sauti nzito iliuliza.

"Yupo hapa mbele yangu. Ametoka sasa hivi."

"Amekula?"

Inspekta aliitoa simu sikioni. Akamnyooshea Fundi simu. Fundi aliweka mfuko chini, akafuta kiganja kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema, akabaki amesimama pale langoni anasikiliza.